Gesi ni yetu, kwa nini ya mtungi inatoka nje?

*"Mhandisi, shikamoo. Nina kibanda cha chakula Mbagala na natumia mitungi miwili ya kilo 15. Bei inanibana. Shemeji yangu ni fundi, anafunga mifumo ya gesi asilia iliyoshindiliwa, CNG, kwenye bajaji. Anasema anaweza kuchonga kiungio akanijazia mtungi wangu gesi ya Mtwara, kwa kuwa gesi ni gesi na ile ni nafuu. Jirani yangu naye anasema gesi ya Mtwara ni chafu, ndiyo maana serikali imejenga mitambo ya kuisafisha, na ndiyo maana ya kupikia tunaagiza nje. Nani mkweli? Kama gesi ni yetu, kwa nini ya mtungi si yetu? Halafu siku hizi sufuria zangu zinashika masizi, je, ni gesi chafu? Nisaidie kabla sijampa shemeji mtungi."*

Marahaba, dada yangu. Naanzia mwisho wa swali lako kwa sababu ndipo penye hatari: usimpe shemeji mtungi. Kama ameshauchukua, acha kusoma, mpigie simu aurudishe jinsi ulivyo. Haya mengine yatakusubiri.

Shemeji yako simwoni kuwa mjinga. Mtu anayefunga CNG kwenye bajaji na bajaji ikatembea anajua kazi yake. Kosa lake limejificha ndani ya neno lenyewe. Tunasema "gesi" kwa vitu viwili tofauti, kama mtu anayesema "mafuta" bila kusema ni ya taa au ya kula. Ukikaangia samaki mafuta ya taa, hakuna atakayekutetea kwamba mafuta ni mafuta.

Gesi asilia yetu, inayotoka ardhini Songo Songo kule Kilwa na Mnazi Bay kule Mtwara, ni methani karibu yote. Gesi iliyomo kwenye mtungi wako ni propani na butani. Zote zinawaka, zote zinatokana na kaboni na hidrojeni, lakini chembe ya methani ni ndogo, ina kaboni moja tu, wakati propani ina tatu na butani nne. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi. Jikoni ndiyo inayoamua kila kitu.

Tikisa mtungi wako uliojaa. Utasikia kitu kinacheza ndani kama maji. Hicho ni propani na butani zikiwa kimiminika. Butani hugeuka kimiminika kwa baridi ya karibu nyuzi sifuri tu, propani kwa nyuzi 42 chini ya sifuri, na zote mbili hukubali kuwa kimiminika katika joto letu la kawaida la Dar es Salaam ukizibana kidogo. Ndani ya mtungi huwa kuna mgandamizo wa bar kati ya 3 na 10 hivi, kutegemea mchanganyiko na jua la siku hiyo. Unapofungua jiko, kimiminika hicho kinachemka polepole, na lita moja yake inatoa lita 250 hivi za gesi. Ndiyo maana mtungi mdogo unapika siku nyingi.

Methani haina tabia hiyo. Ili iwe kimiminika lazima ipoe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Ikiwa na joto zaidi ya nyuzi 82 chini ya sifuri, hata uibane kwa nguvu ya dunia nzima haitageuka kimiminika. Itabaki gesi iliyoshindiliwa. Kwa hiyo kwenye bajaji wanaishindilia kwa bar 200, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Tairi la gari dogo lina bar 2 na ushee. Fikiria mgandamizo wa tairi mara mia. Mtungi wa CNG umetengenezwa kwa chuma kinene au kwa nyuzi maalumu ili ubebe mzigo huo. Mtungi wako wa kupikia hupimwa kiwandani kwa bar 30 hivi. Ukiuunganisha na CNG, valvu yake ya usalama inaweza kupiga na kumwaga gesi yote mahali mlipo, au mtungi wenyewe ukapasuka. Chuma kikipasuka chini ya mgandamizo hakihitaji hata moto ili kiue.

Atakujibu: "Sitajaza hadi 200, nitaishia bar 8, kama ulivyozoea." Tupige hesabu. Mtungi wa kilo 15 una nafasi ya lita 35 hivi. Methani ya bar 8 ndani ya nafasi hiyo ina uzito wa gramu 200 na kidogo. Gramu, dada, si kilo. Joto utakalopata halifiki hata sehemu moja ya hamsini ya lile unalopata kwenye mtungi uliojaa leo. Utachemsha chai ya wateja wa asubuhi, kisha utarudi kituoni kupanga foleni. Kwa hiyo ni hivi: akijaza kidogo hupati kitu, akijaza kingi anawaweka hatarini wewe, wateja wako na yeye mwenyewe.

Sasa jirani yako. Yeye ameona jambo la kweli akalisoma kinyume. Mitambo ya kusafisha ipo, Songo Songo na Madimba, na ina kazi kubwa. Lakini gesi yetu si chafu. Kwa viwango vya dunia ni miongoni mwa gesi zinazotoka ardhini zikiwa safi mno, methani takriban asilimia 97 au zaidi. Kinachoondolewa zaidi ni maji.

Hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu ndiyo kazi iliyonilea. Gesi ikipanda kutoka kisimani inakuja na wenzake: mvuke wa maji, matone ya maji, mchanga kidogo, na mafuta mepesi kidogo sana. Kituo cha kwanza ni kitenganishi, tangi refu ambamo gesi hupunguza mwendo, vizito vinaanguka chini na gesi inatokea juu. Hilo ni rahisi. Taabu ni ule mvuke ambao hauonekani, uliochanganyika na gesi kama unyevu uliomo kwenye hewa ya pwani.

Maji na methani vikikutana kwenye mgandamizo mkubwa hufanya jambo la ajabu. Chembe za maji hujipanga zikawa vitundu kama vya sega la nyuki, na kila kitundu kinafungia chembe ya methani ndani yake. Hutokea kitu kinachofanana na theluji iliyoshindiliwa, kinaitwa haidreti. Barafu ya kawaida inahitaji nyuzi sifuri. Hii, kwenye bar 80, inaganda hata kwenye nyuzi 10 za joto, na ikishaganda inaziba bomba kama kizibo. Mwaka 1934 mtaalamu wa Marekani aliyeitwa Hammerschmidt ndiye aliyeonyesha kwamba vizibo vilivyokuwa vikisumbua mabomba ya kule havikuwa barafu, vilikuwa haidreti, na tangu hapo kukausha gesi kumekuwa sharti la kazi.

Utauliza, nyuzi 10 zinatoka wapi Mtwara? Zinatoka ndani ya gesi yenyewe. Gesi inapopita kwenye valvu na mgandamizo wake kushuka, inapoa; kwa methani ni karibu nusu nyuzi kwa kila bar moja inayopungua. Shusha bar 60 kwa mkupuo mmoja, umeondoa nyuzi 30 hivi za joto. Nimesimama saa sita mchana, jua la utosi, fulana imelowa jasho, mbele yangu valvu imevaa barafu nyeupe kama friji ya muuza samaki. Kijana mgeni kazini huwa anataka kuigusa. Ukiona hivyo na gesi bado ina maji, ujue ndani ya bomba kuna kizibo kinaanza kujijenga.

Njia ya kukausha inayotumika zaidi duniani ni glaikoli, kimiminika kizito kidogo chenye uchu wa maji. Gesi inaingizwa chini ya mnara, glaikoli inamiminwa kutoka juu, vinapishana njiani na glaikoli inayanywa maji. Kisha glaikoli iliyolowa inapelekwa kwenye chungu chake, inapashwa moto hadi karibu nyuzi 200, maji yanaruka, yenyewe inarudi mnarani. Inazunguka hivyo usiku na mchana. Ukiizidishia moto inaungua na kuharibika; ukiipunguzia, inarudi ikiwa bado na maji na haikaushi. Ikiingiwa na mafuta kutoka kisimani inafanya povu na kukimbia pamoja na gesi. Gesi inayoruhusiwa kuingia kwenye bomba kubwa, kwa kiwango kinachotumika sana, isizidi miligramu 110 hivi za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Na kazi hii haipungui kadiri miaka inavyokwenda. Kisima kikizeeka, mgandamizo wake unashuka na maji yanaongezeka, mtambo unaendelea kukimbizana nacho.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu gesi hiyo ina safari. Bomba la kwanza, linaloleta gesi ya Songo Songo Dar es Salaam tangu 2004, na lile kubwa la inchi 36 kutoka Mtwara lililozinduliwa 2015, yote ni ya chuma. Maji yakituama mahali bomba linapobonyea, yakakutana na ile kabonidayoksaidi kidogo iliyomo, yanageuka tindikali hafifu inayokula chuma taratibu kutokea ndani, mahali ambapo hakuna jicho linalofika.

Uchafu wenyewe, ule ambao jirani anaufikiria, upo kwingine. Kuna gesi inayotoka ardhini na haidrojeni salfaidi, sumu yenye harufu ya yai viza. Kwa kiasi kidogo inanuka. Kwa kiasi kikubwa inaua uwezo wa pua kunusa, kisha inamuua mwenye pua. Gesi ya Lacq, Ufaransa, iliyogunduliwa 1951, ilikuwa nayo kwa asilimia 15 hivi. Kwenye visima vya Kashagan, Kazakhstan, walianza kuzalisha Septemba 2013, na kabla Oktoba haijaisha walikuwa wamefunga, kwa sababu sumu hiyo hiyo ilikuwa imepasua chuma cha mabomba. Ilibidi mabomba yabadilishwe, na uzalishaji ukarudi 2016. Gesi ya namna hiyo huoshwa kwa kemikali za jamii ya amini, kwa gharama kubwa. Hata hapa jirani, methani ya Ziwa Kivu inatoka kwenye vilindi ikiwa imezidiwa na kabonidayoksaidi, na kule Rwanda wanaiosha kwa maji ya ziwa lenyewe kabla ya kuipeleka kwenye mitambo ya umeme. Sisi tumepunguziwa mzigo huo kwa sehemu kubwa.

Na hapa ndipo lilipo jibu la swali lako kubwa. Mtungi unatoka nje kwa sababu gesi yetu ni safi mno kwa kazi hiyo. Propani na butani hupatikana kwa njia mbili: kwenye viwanda vya kusafisha mafuta ghafi, au kwenye gesi asilia iliyonona, kama ile ya Qatar, ambayo inatoka ardhini ikiwa imebeba propani, butani na mafuta mepesi kwa wingi. Mtambo wa kule unaipoza gesi kwa makumi ya nyuzi chini ya sifuri, vizito vinageuka kimiminika na kudondoka, vinatenganishwa, vinapakiwa melini. Yetu ni gesi kavu. Propani na butani zilizomo, ukizijumlisha, hazifiki asilimia moja. Kujenga mtambo wa baridi kali ili kukamua hicho kidogo ni kama kununua mashine ya kukamulia nazi kwa ajili ya dafu. Maji ya dafu ni mazuri, lakini tui halimo.

Nasema hivi bila kuficha, maana nimesikia watu wakiahidiwa barazani kwamba siku mradi wa Lindi wa kuigeuza gesi ya bahari kuu kuwa kimiminika ukianza, mitungi itashuka bei. Mradi huo, ukijengwa, utaipoza methani hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ili ujazo wake upungue mara 600 hivi na isafirishwe kwa meli. Ni jambo kubwa kwa nchi. Ila gesi ya bahari kuu nayo ni kavu. Usipange bajeti ya kibanda kwa kuitegemea.

Masizi sasa. Masizi ni kaboni ambayo haikupata hewa ya kutosha kuungua. Lita moja ya propani inahitaji lita 24 za hewa, butani inataka 31. Methani inaridhika na 10. Kwa hiyo jiko la mtungi lina njaa kubwa ya hewa, na kibanda cha chakula kina kila kitu cha kuinyima: uji uliofurika ukaziba vitundu, mafuta ya chapati, vumbi, kipande cha bati ulichoweka kukinga upepo. Moto wa bluu ni moto ulioshiba. Wa njano na unaocheza, ndio unaopaka sufuria. Zima, acha jiko lipoe, toa vichwa vya moto, visugue kwa brashi na sabuni, zibua vitundu kwa mti laini na si msumari, maana msumari unavipanua. Angalia pia ile nafasi chini ya jiko ambapo hewa inaingilia; mara nyingi mende na buibui wamehamia humo. Mtungi ukikaribia kuisha moto unaweza kubadilika kidogo kwa kuwa propani hutangulia kutoka na butani ndiyo inayobaki. Hilo si la kuhangaikia. Lakini ukisafisha jiko na bado moto ni wa njano kwenye mitungi miwili mitatu mfululizo, mpe wakala taarifa.

Na harufu ile kali pia si uchafu. Propani, butani na methani hazinuki kabisa. Harufu inatiwa makusudi ili mtu ajue kuna uvujaji. Tarehe 18 Machi 1937, shule moja huko New London, Texas, ililipuka kwa gesi isiyo na harufu iliyokuwa imejaa chini ya jengo, wakafa karibu watu 300, wengi wao watoto. Baada ya hapo sheria zikataka gesi inuke. Kila ukisikia harufu hiyo, ni onyo lililonunuliwa kwa roho za wale watoto. Usilizoee.

Tuje kwenye bei, maana najua ndiyo iliyokutuma. Gesi asilia nyumbani inawezekana kabisa, ila njia yake ni bomba. Sehemu za Dar es Salaam kama Mikocheni, Sinza na Mlalakuwa, na baadhi ya nyumba za Mtwara na Lindi, zinapikia gesi ya bomba. Uliza ofisi ya TPDC, shirika la taifa la mafuta na gesi, kama mtaa wako umo kwenye mpango wa kuunganishwa. Siku ukiunganishwa, jiko lako la sasa lazima libadilishwe vile vipua vidogo vinavyotolea gesi, kwa sababu kwa ujazo uleule gesi ya mtungi ina nguvu ya mara mbili na nusu hadi tatu ya methani. Vipua vya mtungi vikitumika kwenye bomba, moto utakuwa wa kinyonge. Kinyume chake ni hatari: jiko la bomba ukiliwekea mtungi, moto utapanda njano hadi kwenye uso wako. CNG ya kupikia nayo ipo kwa wakubwa, viwanda na taasisi, lakini kwa seti ya mitungi yake maalumu na vipunguza mgandamizo vilivyokaguliwa. Kwa kibanda cha mtu mmoja, hesabu yake haikulipi.

Kwa sasa, ushauri wangu ni ubaki na mtungi na upunguze kinachopotea. Dai mizani kila unaponunua. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, ongeza 15 na ndivyo inavyopaswa kusoma. Uliza bei ya mtungi wa kilo 38, igawanye kwa kilo, ulinganishe. Si kila mara mkubwa ni nafuu. Halafu maharage. Nimewauliza mama lishe wengi, karibu wote maharage na makongoro ndiyo yanayowamalizia gesi. Yaloweke maharage usiku kucha na uyapike kwenye sufuria ya presha. Kama kibanda kina umeme, jiko la presha la umeme kwa maharage peke yake linastahili kufikiriwa. Sijui biashara yako kuliko wewe, lakini hapo ndipo ningeanzia.

Jambo moja la kibanda nisilisahau. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa chini, inakaa kwenye pembe na mashimo kama maji ya mvua, inangoja cheche. Methani ni nyepesi, inapanda na kutoka juu. Shemeji yako amezoea ile inayopanda, kwa hiyo hata mazoea yake ya usalama hayakufai. Mtungi wako usikae shimoni wala karibu na mtaro, na kibanda kiwe na upenyo chini, usawa wa sakafu, si dirisha la juu tu.

Ukinusa gesi wakati jiko limezimwa, funga mtungi, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, toka na watu wako, na simu upige ukiwa umeshafika mbali. Kama harufu haikomi baada ya kufunga, waite Zimamoto kwa namba 114. Mpira uliopauka au wenye nyufa, au regyuleta inayozomea, usijaribu kuiziba kwa sabuni wala kwa gundi. Mwite fundi wa kampuni ya mtungi wako aje aone mwenyewe. Na kama shemeji alishaanza kuchezea valvu, hata kama aliirudisha vizuri machoni pake, mtungi huo usiwekwe tena jikoni. Uache nje kivulini, wima, mbali na moto na watoto, na umwite wakala auchukue. Mweleze ukweli wa kilichofanyika, ili naye asiujaze akampa mama mwingine.